Ukishindwa Kuitikia Mwangaluka, Punguza

Nikiulizwa nilijifunzia wapi kukimbia milimani, huwa najibu kwamba nilifundishwa na bibi mmoja mwenye jembe begani.

Ilikuwa alfajiri, nje kidogo ya mji wa Geita, kwenye barabara ya vumbi wanayopita wachimbaji wadogo kwenda kwenye maduara yao. Nilikuwa nimehamia huko kikazi nikitokea Shinyanga mjini, na miguuni nilikuwa na kilomita nyingi, zote za tambarare. Kilima kilikuwa cha mita 600 hivi, kutoka kwenye kalavati hadi kwenye mwembe wa juu. Nilikianza kwa mwendo uleule niliouzoea. Katikati nikakutana na bibi anashuka. Kwa desturi mdogo ndiye anayetangulia kusalimia, lakini mimi pumzi ya kutangulia sikuwa nayo. Akanirahisishia. "Mwangaluka!" Nikafungua mdomo, kikatoka kikohozi. Akasimama, akashusha jembe, akasubiri jibu, maana kwa Wasukuma salamu haikatwi katikati: kuna mwangaluka, kuna kuulizana mhola, kuna habari za nyumbani. Nikanyoosha mkono juu kama mtu anayesimamisha basi, nikapita. Huko nyuma nikamsikia akimwambia mjukuu wake maneno ambayo sitayatafsiri.

Kesho yake nilipunguza mwendo mpaka nikaona aibu. Nilipomkaribia nikatanguliza salamu, tukaulizana mhola, nikamjibu mhola duhu, yaani salama tu, yote bila kusimama. Nilipofika kwenye mwembe nikashtuka: bado nakimbia. Jana yake nilikuwa nimefika palepale nimejishika magoti, nahema kama mvukuto.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja cha mlima. Ukisalimiwa ukaweza kuitikia salamu nzima, mwendo wako ni sawa. Ukiweza neno mojamoja tu, umeanza kukopa. Ukishindwa kabisa, punguza hapohapo, hata kama nyuma yako kuna watu wanaokufahamu. Zipo saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo, na mwenye nazo azitumie, ila mlimani hata wataalamu wa mazoezi wanakiamini kipimo cha maongezi, na hiki hakiishiwi chaji.

Naandika haya kwa ajili ya watu wa kwetu, wa Shinyanga, Kahama, Isaka, Tinde, Katoro na Geita, ambao siku hizi wanajiandikisha kwa wingi kwenye mbio za barabarani. Klabu za jogging zimeenea hadi kwenye miji midogo. Halafu Septemba 2025 Alphonce Simbu alipoipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, kule Tokyo, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa upana wa kifua huku saa zikiwaandikia muda uleule wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, hata jirani yangu fundi seremala alinunua raba. Sasa anataka kwenda Moshi. Kilimanjaro Marathon, iliyoanza mwaka 2003, imekuwa kwa wakimbiaji wa kawaida kitu kama hija: kila mmoja anataka aende walau mara moja. Nami kila mwaka nawaona vijana wa mbuga wanarudi kutoka huko wanachechemea.

Sababu yake si urefu kutoka usawa wa bahari, ingawa ndivyo wengi wanavyodhani. "Kule juu hewa ni nyepesi," huniambia. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100, na Geita juu zaidi. Moshi mjini, mbio zinakoanzia, iko chini yetu, kwenye mita 800 na kitu. Kwa hiyo mtu wa Shinyanga anateremka kwenda Moshi. Kinachomuua ni mpando wa kwenda Mweka. Nusu marathoni, ile ya kilomita 21.1, hupanda kutoka mjini kwa takribani nusu ya safari, mita 300 hivi za kupanda, kisha inageuka na kushuka. Marathoni kamili ni katili zaidi kwa mpangilio wake: sehemu ya kwanza ni barabara kuu, tambarare kwa kiasi, inayomfanya mtu ajione bingwa, halafu mlima unaanza pale ambapo miguu ina kilomita 20 tayari. Baada ya kilomita 30 na ushee ndipo unaanza kushuka.

Na kushuka ndiko kunakoumiza. Hili lazima nilirudie kwa sababu hakuna anayeliamini mpaka limkute. Unapopanda, mapafu yanalia lakini misuli inafanya kazi yake ya kawaida, ya kujikunja na kusukuma. Unapoteremka, msuli wa mbele ya paja unakaza ili usianguke, na wakati huohuo uzito wa mwili unauvuta urefuke. Kukaza huku unarefushwa ndiko kunakochana nyuzinyuzi za msuli, kidogokidogo, maelfu ya mara, na wewe husikii kitu kwa sababu pumzi ni tele na upepo unakupuliza usoni. Maumivu huja kesho yake, na hukomaa siku ya pili. Lakini palepale kwenye mbio, zikiwa zimebaki kilomita 4 au 5, paja huwa limeshachoka kiasi kwamba ukifika kwenye tambarare miguu haikutii.

Mara yangu ya kwanza nilipoteremka kutoka Mweka niliwapita watu wengi hadi nikaanza kuwahesabu. Nilifika 47. Tulipoingia mjini wakaanza kunipita wao, na kuwahesabu hao sikuwa na hamu. Kilomita 2 za mwisho nilitembea, nikipigiwa makofi na watoto, na kucha mbili za vidole gumba zilikuwa zimeshageuka nyeusi.

Bahati nzuri mwili unajifunza upesi. Msuli uliowahi kuumizwa kidogo na mteremko hujijenga kiasi kwamba mteremko wa pili hauuumizi kama wa kwanza, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo usiseme tu kwamba unafanya mazoezi ya mlima. Jiulize unafanya mangapi ya kupanda na mangapi ya kushuka. Vijana wengi Geita hukimbia kupanda, kisha hushuka wakitembea wakipumzika. Nusu ya kazi wameiacha.

Sasa, mtu wa Shinyanga mjini ataupata wapi mlima? Upeo wetu ni mbuga, mibuyu na ng'ombe. Nimejaribu vitu vingi na nitasema vilivyonisaidia. Kingo za malambo ni fupi, mita 30 au 40 za mwinuko mkali, lakini ukipanda na kushuka mara 20 umefanya kitu. Usivunje tu ukingo wenyewe, na omba ruhusa kwa wanaolitunza lambo. Ngazi za majukwaa ya uwanja, kwa mfano pale Kambarage, zinafaa kwa kupanda. Kushuka ngazi mbio sikushauri, vifundo vya miguu havisamehi. Mchanga wa luseni ni mwalimu mzuri usiotajwa: mguu unazama, unavuta, unahema kama uko mlimani. Na kuna upepo. Kiangazi, upepo wa mbuga ukikujia usoni kwa kilomita 5, huo ni mlima usioonekana.

Sehemu moja usiende kabisa: vilima vya kutengenezwa vya migodini. Marundo ya mawe na kuta za mabwawa ya tope hushawishi, maana ndiyo miinuko pekee inayoonekana kutoka mbali. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulipasuka, tope likamwagika hadi kwenye mashamba na nyumba za watu. Na kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo, njia ya mkato unayoifahamu leo huenda kesho ina duara jipya katikati, au la zamani lililofunikwa na nyasi. Alfajiri yenye giza kimbilia barabara inayopitwa na watu. Kama huna budi kupita kwingine, nenda na kurunzi na mwenyeji.

Mwenye uwezo walau mara 1 kila wiki 2 apande gari aende kwenye milima halisi. Ukiwa Kahama, Geita haiko mbali sana. Ukiwa Mwanza, tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena foleni ya kivuko. Unaamka, unavuka, unapanda vilima, na mchana umerudi. Mazoezi ya siku hiyo yawe marefu na ya taratibu, yenye kupanda na kushuka kwingi kadiri unavyopata.

Kuhusu ratiba, sipendi kumpa mtu jedwali. Mbio za Moshi hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Ukirudi nyuma wiki 16 unafika mapema Novemba, mvua za kwanza zinapoanza kunyesha, na watu wote wapo mashambani. Majedwali ya mitandaoni yameandikwa na watu wasiolima. Siku nzima ya kulima kwa jembe la mkono ni zoezi kubwa la mgongo na mapaja, basi lihesabu. Asiye na jembe, mchimbaji anayevuta kamba ya winchi au mama anayebeba mawe kupeleka kwenye karasha, naye ahesabu hivyohivyo. Ukiwa umelima Ijumaa na Jumamosi, usifanye mbio ndefu Jumapili ukijidai mwili umepumzika kwa sababu hukukimbia.

Kwa kawaida siku 4 za kukimbia kwa wiki zinamtosha mtu mwenye kazi. Siku moja iwe ndefu, ukiiongeza kidogokidogo. Kwa nusu marathoni ukifika kilomita 18 kwenye mazoezi unatosha. Kwa kamili fika 30 mara 2 au 3. Siku moja iwe ya mlima: tafuta kilima kinachokuchukua dakika 1 au 2 kupanda, ukipande mara 6 hadi 10, na ushuke ukikimbia kwa adabu. Siku mbili zilizobaki ni za taratibu tupu, mwendo wa kupiga soga. Wiki 2 za mwisho punguza. Hapo ndipo wanaume wengi huharibu, kwa sababu mwili unapopumzika unaanza kuwasha, na mtu anaamua kujipima siku 5 kabla ya mbio. Mlima wa mwisho wa nguvu, hasa wa kushuka, uwe umeufanya si chini ya siku 10 kabla.

Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbuga hugeuka gundi. Nimewahi kukimbia kilomita 3 na raba zenye uzito wa matofali. Siku kama hiyo nenda kwenye lami, ukimbie upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokuja, na ujue kwamba dereva wa mchomoko anayewahi abiria Katoro hana mpango na afya yako. Toka pembeni. Vaa kitu cheupe. Akina dada wakimbie kwa kikundi. Klabu za jogging pamoja na kelele zake zote za nyimbo na tarumbeta zina faida hii kubwa, kwamba mwanamke anaweza kukimbia saa 11 alfajiri bila mtu kumuuliza anamkimbia nani. Mimi mwenyewe, miaka ya nyuma, nilisimamishwa na sungusungu wa kijiji kimoja nikatakiwa kueleza nimeiba nini. Nikawaambia nafanya mazoezi. Mzee wao akafikiri kidogo, akasema: "Basi fanya mchana, tukuone."

Namna ya kupanda yenyewe utaiona kwa wanaobeba maji. Mama mwenye ndoo kichwani akifika kwenye mwinuko hafanyi hatua ndefu. Anazifupisha, mgongo umenyooka, shingo imetulia, macho yako mita chache mbele yake, wala hatafuti kilele kiko wapi. Fanya hivyo. Mikono iende mbele na nyuma, isivuke kifua. Ukiona mpando umekuwa mkali kiasi kwamba anayetembea kwa haraka anakwenda sawa na wewe unayekimbia, tembea. Ndiyo, tembea. Weka fahari pembeni kwa dakika 2, utaikuta hukohuko kwenye mstari wa mwisho.

Wakati wa kushuka, makosa ni mawili na ni dada na kaka. Mmoja anajiegemeza nyuma na kutua kwa kisigino mbali mbele yake, kila hatua ni breki, na goti linapokea nyundo. Mwingine anaachia mwili wote kama baiskeli ya mkaa iliyokatika breki. Njia ni kufupisha hatua tena, kuziharakisha, kutua mguu ukiwa chini ya mwili, na kiwiliwili kifuate mteremko kidogo, kisilale nyuma. Hatua zikisikika kama mtu anayetwanga, unakosea. Zikisikika kama mvua nyepesi kwenye bati, endelea.

Wakubwa wenyewe wamefundishwa na vilima kwa gharama. Mwaka 1982 kule Brisbane, kwenye marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Watanzania wawili, Juma Ikangaa na Gidamis Shahanga, waliondoka mapema wakawaacha wenzao mbali. Mwaustralia Robert de Castella hakuwakimbilia. Aliwafuata polepole, akapunguza pengo, na karibu na mwisho akamfikia Ikangaa; wakapokezana uongozi kwenye vilima mpaka de Castella akaponyoka na kushinda kwa sekunde 12 tu, saa 2:09:18 dhidi ya 2:09:30. Ni moja ya mbio nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitazama kwenye video, na kila nikiitazama najikuta namwomba Ikangaa apunguze mwanzoni, kana kwamba atanisikia.

Halafu kuna marathoni ya Boston. Ikangaa alishika nafasi ya pili pale miaka 3 mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya kwanza Mkenya Ibrahim Hussein alimpita kwa sekunde 1. Gabriel Geay naye alikuwa wa pili mwaka 2023, na Simbu wa pili mwaka 2025. Barabara ya Boston ina hila: inaanza kwa kuteremka, inateremka karibu muda wote wa nusu ya kwanza, kisha baada ya kilomita 25 vinakuja vilima vya Newton. Cha mwisho kati ya hivyo, maarufu kuliko vyote, kina kimo cha mita 27 tu. Mita 27! Pale Geita hicho tungekiita tuta. Lakini kinakuja kwenye kilomita ya 33, kwa miguu iliyokwisha kupondwa na mteremko wa saa nzima. Mwaka 1990 Ikangaa aliongoza kwa kasi kubwa tangu mwanzo, na ni huko vilimani Mwitaliano Gelindo Bordin, aliyekuwa ameweka akiba, alipompita na kwenda kushinda. Kama mteremko ulimfanyia hivyo mtu wa kiwango cha Ikangaa, mwenye rekodi ya ushindi wa New York 1989 mfukoni, sioni kwa nini fundi seremala jirani yangu aukimbilie kifua mbele.

Chakula. Hapa Wasukuma tuna bahati ambayo hatuitumii. Watu wananunua pakiti za sukari ya kunyonya kwa bei ya kilo ya nyama, ilhali nyumbani kuna matobolwa. Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, ni wanga mtupu, havichafui mkono, havimwagiki, vinakaa mfukoni. Kwa mbio zinazozidi saa moja na nusu mwili hupenda gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na ndizi mbivu ya wastani ina gramu 25 hivi, kwa hiyo unaona si muujiza. Vipande vyako vya matobolwa vikate vidogo sana, utafune kwenye tambarare, umeze na maji. Kutafuna ukipanda ni kujitafutia kupaliwa. Jaribu kwanza kwenye mbio zako ndefu za nyumbani. Tumbo nalo linahitaji mazoezi. Usiku wa kuamkia mbio kula wali au ugali wako wa kawaida, wa kiasi, mapema. Maharage, maziwa mgando na pilipili viache kwa usiku huo. Asubuhi, uji na mkate saa 2 au 3 kabla ya kuanza.

Kuhusu maji, ushauri wa mtaani ni mbaya. "Kunywa kila meza," wanasema. Mwaka 2002 watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza Boston, wakakuta asilimia 13 wana upungufu wa chumvi kwenye damu, na waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito njiani kwa kunywa kupita kiasi, wengi wao watu wa mwendo wa polepole kama sisi. Kunywa ukisikia kiu. Ukitaka kinywaji chenye chumvi, kile cha kutibu kuharisha kinafaa: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Na kama mbio zenu ni zile ndogo za wilayani, beba chupa yako. Nimewahi kufika kwenye meza ya maji nikakuta meza.

Dawa za maumivu usinywe kabla wala katikati ya mbio. Nazungumzia hasa diklofenaki, ile wengi wanaiita diklopa, ambayo mitaani inauzwa kama karanga. Mwili ukiwa umepungukiwa maji, dawa za jamii hiyo huzielemea figo. Kama goti linahitaji dawa ili likimbie, goti limeshatoa jibu.

Na homa je? Kwetu malaria ni mgeni asiyepiga hodi. Mwenye homa hakimbii, na aliyetoka kwenye dozi asirudi mlimani mpaka chakula kimerudi kuwa na ladha na kutembea kwa haraka hakumchoshi. Jambo jingine ni la watu wa migodini na karasha. Vumbi la mawe yenye dhahabu ni vumbi la silika, hula mapafu polepole, na hukifungulia njia kifua kikuu. Kama umefanya kazi kwenye vumbi kwa miaka, au una kikohozi cha zaidi ya wiki 2, pitia hospitali ukapimwe kifua kabla hujaanza mazoezi ya mlima. Wapo vijana wenye misuli ya kubeba gunia la mawe lakini kilima cha dakika 2 kinawatoa jasho la baridi. Hao hawahitaji mazoezi zaidi, wanahitaji daktari.

Viatu vya mtumba ni sawa. Nimekimbia na vya mnadani maisha yangu yote. Angalia mambo haya: kunja kiatu kati, kikikunjika nusu kama daftari kiache; bonyeza soli kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama ubao sponji yake imekufa kwa umri hata kama juu kinang'aa; kiweke mezani ukitazame kwa nyuma, kama kimelala upande mmoja mwenye kiatu wa kwanza alikuwa na mwendo wake, usiurithi. Nunua kilicho kikubwa kidogo, kwa sababu mteremkoni vidole husogea mbele. Kaza kamba juu, karibu na kifundo, ili mguu usiteleze ndani. Kata kucha siku 3 kabla. Paka mafuta ya mgando mapajani na kwapani, na wanaume wapake na chuchu. Atakayecheka atacheka mpaka kilomita ya 15.

Safari usiifanyie mzaha. Basi kutoka Shinyanga kupitia Nzega, Igunga, Singida, Babati na Arusha linakumaliza siku nzima ukiwa umekunja magoti. Likipita pale Sekenke, angalia jinsi malori yanavyoupanda ule mlima kwa gia ndogo, dereva wala hana haraka, na uchukue somo la bure. Fika Moshi walau siku 2 kabla. Namba za kifuani huchukuliwa siku za kabla ya mbio, usitegemee asubuhi yake. Jumamosi jioni panda daladala ya kwenda Mweka uione njia, lakini usiikimbie.

Siku yenyewe itakuwa na muziki, vuvuzela na maelfu ya watu, na utaondoka kwa kasi usiyoitaka. Kila mtu huondoka hivyo. Kilomita ya kwanza tafuta mtu wa kumsalimia. Wachaga wa kando ya barabara ni wakarimu, watakuita, watakupigia vigelegele, wazee wamekaa kwenye migomba. Waitikie. Sauti ikikataa, unajua la kufanya.

Ukiumia kweli, simama. Najua kila makala ya mbio ya Kitanzania hufika kwa John Stephen Akhwari, aliyeanguka Mexico 1968, akaumia goti, na bado akamaliza akiwa wa mwisho na bandeji mguuni. Namheshimu kama kila mtu. Lakini Akhwari alikuwa na bendera ya nchi kifuani. Wewe una namba uliyoilipia mwenyewe, na Jumatatu una kazi. Gari la kuokota waliochoka halina laana.

Ukimaliza, usikae chini papo hapo. Tembea dakika 10, kula kitu chenye chumvi, badili nguo zilizolowa. Kwenye basi la kurudi chagua kiti cha upande wa njia, usimame na kunyoosha miguu kila linaposimama, na Singida ushuke utembee hata kama huna haja ya chochote. Utaona kupanda kurudi ndani si tatizo. Shida ni kushuka. Ukifika stendi ya Shinyanga usiku, na mapaja yamegoma kabisa, shuka zile ngazi za basi kinyumenyume, umeshika vyuma vya mlango kwa mikono miwili. Wapiga debe watacheka, na bodaboda watauliza umepata ajali wapi. Waambie mhola duhu.